Mtu Aliyeitwa Kilele

Tuseme palikuwa na nchi, na tuseme watu wake walikuwa na maneno yote isipokuwa moja. Ya kutukanana walikuwa nayo, ya kubembelezana walikuwa nayo, ya kuomba chumvi kwa jirani na ya kujifanya hujasikia ukiombwa, yote yalikuwepo. Hilo moja nalo lilikuwepo, ila lilikuwa na mwenyewe. Neno lenyewe ni kilele.

Zamani, wanasema, kilele kilikuwa cha kila mtu. Mti ulikuwa na kilele chake, paa lilikuwa na kilele chake. Hata kilio cha mtoto kilikuwa na kilele, na mama akikisikia anajua, haya, sasa kinashuka, atanyamaza. Kisha ikaja amri. Ilitoka wapi hakuna ajuaye, maana katika nchi ile amri ziliota kama uyoga: unalala haipo, unaamka imekaa mlangoni na kofia yake. Ikasema kwamba neno kubwa namna ile haliwezi kuachwa likazurura mdomoni mwa kila muuza mihogo. Apewe mtu mmoja, akae nalo juu ya mlima, na asiitwe jingine.

Tangu hapo mwezekaji akifika juu ya paa alisema "pale nyasi zinapokutana." Na kitu kisichotajika, polepole huacha kufikiwa. Vigelegele vya harusini vilipanda, vikapanda, halafu vikakatika njiani, wanawake wakatazamana kama watu waliosahau walichofuata jikoni. Kicheko kiliishia shingoni. Hata ugomvi ukaharibika: watu waligombana nusu, wakarudi makwao na nusu iliyobaki, ikawawasha wiki nzima. Ilikuwa nchi ya mambo yaliyokaribia. Ukiwauliza habari zenu, wangekujibu, "Tunakaribia kuwa wazima."

Siwema alikuwa na miaka tisa walipokuja kumchukua baba yake. Alikuwa mwezekaji, hapati kizunguzungu, na mtu asiyepata kizunguzungu ndiye aliyetakiwa. Walimwita ateremke kutoka paa la watu, wakampandisha mlimani siku ileile, na nyasi bado zimo nyweleni. Kuanzia jioni hiyo akaitwa Kilele. Jina lake la kwanza likakatazwa, asije mtu akaliita nalo likamshusha. Siwema akakua akimtazama baba yake kutoka uani, kitu kidogo kilichosimama juu ya mlima kama punje ya mtama juu ya chungu cha unga. Alimtazama akiosha vyombo. Alimtazama akianika nguo. Wenzake walipokuwa wanatazama wavulana, yeye alikuwa anatazama kama punje imesogea.

Haikusogea.

Sheria ilimruhusu kila mtu kupanda mlima ule mara moja tu maishani. Wengi walipanda wakiwa na haraka ya ujana, wakashuka hawana la kusimulia. Siwema aliitunza yake. Miaka kumi na mmoja aliitunza, kama mtu anayetunza mbegu na njaa ipo.

Kisha akazaa.

Katika nchi ile mtoto haitwi jina kwa mdomo mtupu. Jina hutiwa. Siku ya arobaini, yule aliyemtia mkono mama humwekea mtoto kiganja utosini, pale palipo laini, panapopiga kama moyo mdogo uliopanda kuchungulia nje, na husema: mimi fulani, niliyemtia mkono fulani, namtia mkono fulani. Jina huingia hapo. Mfupa ukiwahi kufunga kabla jina halijaingia, mtoto atakua, atakula, ataolewa, lakini kila akiitwa atageuka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyedhani anaitwa wa nyumba ya pili.

Na aliyemtia mkono Siwema alikuwa baba yake.

"Unapanda leo?" aliuliza mama yake, Bi Tufa, alfajiri ya siku hiyo. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni kwa Siwema, anakaza mbeleko kama anafunga mzigo wa kuni.

"Napanda, Mama."

"Ukishapanda umepanda. Hakuna cha nimesahau kanga nikarudi."

"Najua, Mama."

"Mimi yangu niliitumia vibaya. Nilipanda wiki ileile na hasira zangu, nikamwita baba'ako kwa jina alilokatazwa, tena kwa kelele. Hakushuka wala hakuinama. Alikuwa mgeni wa kazi, anaogopa. Nikavitukana viatu vyake, maana ndivyo vilivyokuwa usawa wa macho yangu, nikateremka." Bi Tufa akakaza fundo mara ya pili, halikuhitaji. "Jina lile mdomoni mwangu lilikuwa na pilipili. Nadhani ndiyo maana."

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie mto wake nimeushona upya."

"Ni hilo tu?"

"Ulitaka nimtungie utenzi? Mwambie hilo tu. Haya, nenda, jua halikusubiri wewe."

Chini ya mlima alimkuta mpimaji, Bwana Ngwali, ambaye hakuhesabiwa miongoni mwa wapandaji kwa sababu kupanda ndiyo kazi yake. Kila siku saa sita mchana humpima aliye juu kuliko wote na kumwandika upya kuwa Kilele. Begani alikuwa amejizungushia mpira mwembamba wa maji, ule ambao waashi husawazishia kuta, na mkononi ameshika kibuyu cha uji wa mkuu wa mlimani.

"Shikamoo, Bwana Ngwali."

"Marahaba, binti. Leo ndiyo leo? Nilikuwa najiuliza huyu wa Bi Tufa atapanda lini, au anangoja mlima ulale." Akamchungulia mtoto. "Na huyu naye anapanda? Umri gani?"

"Arobaini leo."

"Basi ya kwake imekwenda. Kupanda mgongoni ni kupanda. Sikutunga mimi."

Siwema alisimama kidogo. Hilo hakuwa amelifikiria. Mtoto amelala, mate yanamteremka, na safari yake moja ya maisha imeshaanza hajui. Lakini ni nani, aliwaza, anayeijua safari yake inapoanza? Wote hubebwa mwanzo wa jambo, na wanapofumbua macho wameshafika katikati, wanaambiwa tembea.

Wakapanda. Mlima ule haukuwa wa Mungu, ulikuwa wa viganja. Kila mtu kila asubuhi hutupa gao moja la udongo, ujazo wa kiganja, na wachukuzi, ambao nao hawahesabiwi, huupandisha juu, na vizazi vilikuwa vimetupa, hata kila mwaka ukawa na rangi yake, mwekundu juu ya mweusi, kijivu juu ya mwekundu. Kwa hiyo apandaye hakupita mawe wala miti, alipita miaka. Walianza na udongo wa watu waliokufa bila kuacha hata kaburi, udongo mkavu usio na neno. Wakafika udongo wa njaa, mwembamba kama karatasi, maana mwaka ule hakukuwa na nguvu za kujaza kiganja. Wakafika mahali pa weusi wenye harufu ya mvua, na miguu ya Siwema ikajua kabla hajajua: ni mwaka aliozaliwa.

Hapo mtoto akalia. Siwema akaketi, akamfungua, akamnyonyesha, na kitu kikateleza. Matiti yalikuwa ya mama yake. Kanga ilikuwa ile ya zamani iliyoishia kuwa tambara la kufutia sufuria. Alimtazama mtoto akajiona yeye, mdogo, mwenye njaa, anavuta maziwa kwa nguvu kama anamdai mtu.

"Bi Tufa," alisema Ngwali, naye sasa alikuwa kijana mwenye nywele nyeusi tii, "huyu Siwema wako ananyonya kama ndama."

Hakumsahihisha. Alikaa ndani ya mama yake kwa muda huo, akaona jinsi palivyokuwa pa joto, akaona pia woga uliokuwa umejificha chini ya ukali wake, woga mdogo tu, wa mtu anayejua kwamba akipendacho kinaweza kuitwa juu wakati wowote. Kisha mtoto akashiba, akaachia, na walipoinuka kukanyaga udongo wa mwaka uliofuata Siwema akawa Siwema, na mvi za Ngwali zikarudi moja moja.

"Bwana Ngwali, kilele ni nini?"

"Ni yeye."

"Na kabla yake?"

"Aliyekuwepo."

"Na asipokuwepo mtu?"

Ngwali akahema, akahamisha mpira bega la pili. "Binti, mimi ni mpimaji. Simpimi asiyekuwepo."

"Lakini mlima si utakuwepo?"

"Mlima upo kwa sababu unaishia mahali. Ukiuondolea pa kuishia, utaishia wapi? Utaendelea tu, kama maneno ya wanawake." Akacheka, kicheko kikamwishia shingoni kama cha kila mtu. "Piga magoti sasa. Tumefika. Hapa hakuna wa kusimama ila yeye."

Siwema akamalizia kwa magoti. Na huyo hapo baba yake.

Alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka, ingawa mlima mzima ulikuwa chini yake. Amesimama, mikono imelegea, uso ameuelekeza mawinguni. Shingo yake ilikuwa imekauka hivyo. Miaka kumi na mmoja ya kukatazwa kuinama ilikuwa imemfanyia kazi ambayo amri peke yake isingeiweza: hata angetaka sasa, asingeweza kutazama chini.

"Ngwali," alisema kwa mbingu, "leo una nyayo nne."

"Nina mgeni, Mkuu."

"Baba," alisema Siwema.

Neno hilo halikuwa limekatazwa. Walioandika amri hawakulifikiria, huenda kwa sababu walidhani linakufa lenyewe. Kifua cha yule mzee kikapanda, kikakaa juu muda mrefu, kikashuka.

"Siwema? Sauti imeota nyama."

"Nimekua, Baba."

"Nilidhani utakuwa bado una pengo la meno ya mbele. Nilikuwa nakuweka na pengo lako, kila siku. Kunasemaje huko chini? Mimi chini sikujui tena. Niliona paa za watu mwanzoni, nikawa najisemea ile inataka kutiwa nyasi, ile imelala upande. Kisha shingo ikakaza. Sasa nayajua mawingu. Mengine hurudi, ujue. Watu husema niko juu. Juu ya nini? Nikitazama, mbingu iko mbali vilevile kama nilipokuwa nimeketi kibarazani nakula muwa. Hakuna juu hapa, mwanangu. Kuna upepo. Kuna jua. Kuna Ngwali saa sita."

"Mama anasema mto wako ameushona upya."

Midomo ya mzee ikacheza. "Yule anayekoroma akakataa?"

"Anasema hakoromi."

"Ndivyo alivyosema siku zote! Alikuwa anajiamsha mwenyewe kwa kukoroma, halafu ananiuliza mimi nimefanya nini." Machozi yakamtoka, na kwa vile uso ulikuwa umeelekea juu hayakuteremka mashavuni, yalimwingia masikioni.

Ngwali alikuwa amechuchumaa pembeni, anatoa mpira wake. Ncha moja aliifunga kwenye ufito wenye alama aliokuwa ameuchomeka udongoni, nyingine akaishika tayari. Alitazama kivuli cha mzee kinavyoingia chini ya miguu. "Semeni upesi," alisema. "Kivuli kinakwisha."

"Baba, nimezaa. Msichana. Leo arobaini. Nimekuja umtie mkono."

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, nimempakata."

"Nipe nimwone."

Akanyosha mikono mbele, viganja wazi. Siwema akamweka mtoto ndani yake. Alifanya hivyo kabla ya kuwaza, kwa sababu tangu utotoni viganja vile vilikuwa mahali pa kuweka vitu. Na mzee, ambaye hakuweza kuinamisha macho, akafanya jambo pekee ambalo mtu wa shingo ile angeweza kufanya ili amwone mjukuu wake. Alimwinua. Alimwinua taratibu hadi uso mdogo ukaingia katikati ya mawingu yake, akacheka, na mtoto akapiga mateke hewani, juu ya kichwa cha Kilele.

Kivuli kikawa kimekwisha. Saa sita kamili.

"Lahaula," alisema Ngwali.

Siwema akaelewa wakati uleule. Amri inasema aliye juu kuliko wote saa sita ndiye Kilele. Haisemi mzee, haisemi mwezekaji, haisemi awe anajua kusimama.

"Mshushe, Baba!"

"Asimshushe!" Ngwali alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma karatasi. "Saa imemkuta hapo. Akimshusha sasa ni kumwondoa Kilele mahali pake, na adhabu yake mnaijua wote wawili. Napima. Sina njia. Naandika, halafu... halafu atakaa hapa."

"Ananyonya, Bwana Ngwali."

"Naona."

"Niandike mimi. Nitasimama, nitakaa mpaka nife, shingo yangu ikauke. Niandike mimi."

"Naandika nilichopima, binti. Mama yangu angekuwa juu hapo ningempima." Alisimama kwa ncha za vidole kadiri kazi inavyomruhusu, akafikisha ncha ya mpira utosini mwa mtoto, akaangalia maji kwenye alama.

Maji yakapanda unywele mmoja. Yakashuka.

Ngwali akangoja yatulie. Kazi ya maji ni kutulia, kwa miaka yote yametulia juu ya fuvu la mzee kama yamo kisimani. Yakapanda. Yakashuka. Alibonyeza kidogo, akafuta jasho, akatazama tena. Mzee naye hakutikisika, mikono yake ilikuwa ya mtu aliyeshika fito maisha yake yote. Yakapanda, yakashuka. Mwishowe Ngwali akaondoa mpira, akaweka kidole chake mwenyewe mahali pale.

Alikuwa mseja. Hakuwahi kugusa utosi wa mtoto. Aliacha kidole pale muda ambao kazi haikuuhitaji.

"Pako hai," alisema polepole. "Pale pa mwisho kabisa. Ni laini kama embe lililoiva, na panapiga."

"Ndipo jina linapoingia," alisema Siwema.

"Niandike kipi? Pakipanda au pakishuka?"

Alirudisha mpira, akajaribu tena, na huku anajaribu ukingo mwembamba wa kivuli ukatokea upande wa pili wa miguu ya mzee. Siwema aliuona, Ngwali naye aliuona. Ngwali akatazama ukurasa wake. Ulikuwa mweupe.

"Saa imepita," alisema. "Sijaandika mtu."

"Maana yake?"

"Maana yake mpaka kesho saa sita Kilele hayupo." Aliyasema kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu, ila barafu hawakuijua, basi niseme kama anayejaribu daraja la kamba. "Mzee, unaweza... nadhani unaweza kumshusha mtoto."

Mzee akamshusha hadi kifuani, akambana. Kisha akapiga magoti, magoti yakalia. Bado uso ulikuwa mbinguni. Akajaribu kuinama na shingo ikakataa, akajaribu tena, akaguna kwa uchungu. Basi akalala. Alijinyosha chali juu ya udongo wa asubuhi ile, mtu aliyekuwa juu ya wote sasa yuko chini ya kila kitu pale, na Siwema akamchukua mtoto akamlaza kifudifudi juu ya kifua chake. Hapo wakaonana vizuri, pua kwa pua.

"Kidevu cha Tufa," alisema mzee. "Maskini."

Akampitishia kiganja juu, akakiacha utosini.

"Mimi," alisema. "Mimi..."

Akakwama. Siwema aliona macho yake yakizunguka kama mtu anayepapasa rafu gizani. Mimi nani? Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwita, na jina ni kama njia, lisipokanyagwa huota majani. Siwema alilijua. Lilikuwa mdomoni tayari. Lakini kulitamka lile jina juu ya mlima kulikuwa na adhabu, na yeye ana mtoto wa kunyonyesha, na mkono ule unapiga pamoja na utosi ule, na mfupa haungoji.

"Mbaruku," alisema Ngwali.

Alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa anauzungusha mpira wake begani, taratibu mno, kama mtu asiyesema lolote.

"Unaitwa Mbaruku wa Hamadi. Uliniezekea nyumba mwaka mama yangu yu kitandani. Masika yote matatu aliyobakiza halikumdondokea tone. Nimekuandika Kilele kila siku, na kila siku nikifunga daftari najisemea, yule ni Mbaruku." Akakohoa. "Sasa nimesema. Nimelisema mimi, msichana hajafungua mdomo."

Mzee alifumba macho. Jina lilikuwa linamwingia, na lilikuwa halina pilipili.

"Mimi Mbaruku," alisema, "niliyemtia mkono Siwema, namtia mkono Sikudhani."

Mtoto akageuza kichwa aliposikia. Hakuchelewa.

Walikaa hapo kitambo, wanne, hakuna aliye juu ya mwenzake ila mtoto, naye alikuwa amelala. Upepo ulipita juu ya mlima usiokuwa na mtu wa kumgonga. Ngwali alikunywa uji wa mkuu kwa vile hapakuwa na mkuu, akampokeza Mbaruku uliobaki.

"Na kesho?" aliuliza Siwema.

"Kesho watanitafuta mimi kwanza," alisema Ngwali. "Mimi ndiye ambaye sikuandika. Nyinyi nendeni."

"Twende wote, Bwana Ngwali."

"Mtangulie. Kuna kitu nataka kukitazama bila kukipima."

Kushuka ndiko kulikokuwa na shida, maana Mbaruku hakuona chini. Alisimama ukingoni, uso mawinguni, miguu inaogopa. Kisha mwili ukakumbuka wenyewe. Akageuka, akaupa bonde mgongo, akaukumbatia mlima kama paa, akaanza kushuka kinyumenyume kwa vidole vya miguu, namna waezekaji wote hushuka. Siwema alikuwa hatua moja chini yake, mtoto mgongoni. Akamshika baba yake kifundo cha mguu, ngozi ilikuwa kavu kama gome, akauongoza mguu hadi ukapata udongo imara.

"Hapo, Baba," alisema. "Sasa lete mwingine."